Michirizi ya Shaba

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kutazama ukurutu wa miti. Jina hilo sikulitunga mimi. Nilipomaliza chuo shangazi yangu aliniuliza nimesomea nini, nikamweleza kwa kirefu, naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaani wamekusomesha miaka yote hiyo ukatazame ukurutu wa miti?" Nilimnunia wiki nzima. Nina hasira za karibu, na siku hizo zilikuwa karibu zaidi.

Vitu vyenyewe vinaitwa likeni. Kila mtu ameziona na karibu hakuna anayezitazama. Ni yale mabaka ya kijivu, ya kijani na ya rangi ya chungwa yanayoganda kwenye magome na mawe, pamoja na zile nyuzi zinazoning'inia matawini kwenye vilima vyenye ukungu, ambazo wenyeji wangu wa Mpanda waliziita ndevu za miti. Likeni si mmea mmoja. Ni viumbe wawili chini ya paa moja, kuvu na mwani; mmoja anajenga nyumba, mwingine anapika. Hazina mizizi. Zinakula kile kinacholetwa na hewa na maji ya mvua, basi, kwa hiyo hewa au maji hayo yakiharibika zinakufa kabla mtu hajaanza hata kukohoa. Ukizizoea, mti unakueleza ni kitu gani kimepita hapo, kilitokea upande gani, na ni cha zamani kiasi gani. Nimestaafu sasa. Nimesoma miti ya kando ya viwanda na ya kando ya barabara kuu, na mingine imenisikitisha. Iliyonitisha ni ile ya magharibi ya Mpanda, katikati ya miaka ya sabini.

Nilikuwa nimetumwa kuangalia kama moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulikuwa unaudhuru msitu. Nilifika kwa treni ya kutoka Tabora, inayokata kona Kaliua, ambayo mwendo wake ulimruhusu mtu kushuka, kununua karanga, na kupanda tena behewa lilelile. Kutoka Mpanda mjini nilipewa lifti ya trekta hadi kijiji kipya kilichokuwa mbele ya Kakese. Kilikuwa kipya kwelikweli. Nyumba zilisimama kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi, nyingine hazijakandikwa bado, na watu walikuwa wanajibu "Karibu" kwa sauti ya watu ambao nao bado ni wageni.

Mwenyekiti alinipangia kulala kwa mama mmoja, nyumba ya mwisho kwenye mstari. "Pale hakuna mwanaume, utakaa kwa amani," alisema. Alisema hivyo bila kupunguza sauti, mama mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo, ameshapokea sanduku langu na kuliweka kichwani.

Kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa, lakini kwa heshima nilimwita mama, naye akaniita binti. Alikuwa na watoto wawili wa shule, wapole kupita kiasi. Nilikaa siku kadhaa kabla sijaelewa kwa nini wanawake wa pale walipopita mbele ya nyumba yake walisalimia kisha wakaongeza mwendo. Alinieleza mwenyewe, tukiwa tunachambua dagaa waliotoka Karema, huku akitupa vichwa pembeni kwa ajili ya paka.

Mumewe alikuwa mrina asali. Kiangazi cha mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vipya alikwenda porini kwenye mizinga yake, kama kila mwaka, na safari ya namna hiyo huchukua wiki nyingi. Kabla hajarudi, malori ya serikali yakaja. Kijiji chote kiliambiwa kipande na kile kinachobebeka. Mama aliomba abaki amsubiri mume. Akajibiwa kwamba atafuata. Nyuma yao mapaa ya nyasi yakatiwa moto ili mtu asije akarudi.

"Si angefika akaona majivu, akauliza mlikokwenda?" nilisema.

"Angemuuliza nani, binti?"

Tangu hapo mvua mbili zilikuwa zimenyesha na mume hakuonekana. Wengine walisema amevuka ziwa, ana mke mwingine ng'ambo. Wengine walisema mengine, ndiyo maana waliongeza mwendo. Wakwe walimtafuta mara moja, wakarudi mbio siku ya pili, na hawakutaka kusema walichokiona. Padre hakuweza kumsomea misa mtu ambaye hakuna aliyeiona maiti yake. Na ukoo ulikuwa umeshapanga kukaa baada ya mavuno na kukata shauri: kama mume amekufa, mama ni mjane, atakaa matanga, atabaki na wanawe na shamba lake. Kama amemkimbia, basi kasoro ni yake, arudi kwao, na watoto wabaki kwa baba yao.

"Si mjane, si mke," aliniambia. "Wewe unaingia huko porini. Ukiona kitu chake chochote, hata mfupa, niletee. Nitashukuru hata mfupa."

Alisema kwa utulivu kabisa, akiendelea na dagaa wake. Mimi ndiye niliyesikia baridi, juani, saa nane mchana.

Aliyepewa kazi ya kunionyesha njia alikuwa shemeji yake, mdogo wa huyo mume, naye mrina asali. Nilimwita kaka. Hakuwa msemaji. Alibeba shoka, kibuyu cha maji na unga wetu, na alitembea haraka hata mbung'o walipotushambulia kwa namna ambayo mimi ilinifanya nitukane kwa lugha tatu. Alinitazama mara moja tu, akasema, "Dada, ukiwatukana hawaondoki." Nikajua tutaelewana.

Njia ilipita kwenye kijiji chao cha zamani. Sikuwa nimejiandaa. Kuta za udongo zilikuwa zimesimama bila mapaa, mvua zimezilainisha kingo, na ndani yake mipapai ilikuwa imeota na kuzaa, mapapai yamejiozea juu kwa juu. Kwenye uwanja mmoja kinu kilikuwa bado kimesimama na mchi ndani yake, kama aliyekuwa anatwanga ameitwa kidogo tu. Hakukuwa na jogoo, hakukuwa na mbwa. Nilitoa kioo changu cha kukuzia nikaanza kukagua miti ya uani, maana nikiogopa huwa nafanya kazi. Kila mti ulikuwa na likeni upande mmoja na uchi upande wa pili, na upande ulio uchi ulitazama nyumba. Pale moto ulipowaka kwa nguvu, gome lilikuwa safi mpaka juu. Nilizunguka mti baada ya mti mpaka nikajua moto ulianzia nyumba ipi na upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi.

"Walianza kuchoma kule," nilisema, nikionyesha kwa kidole.

Kaka aligeuka. "Nani amekwambia?"

"Miti."

Akaliweka shoka begani. Alitembea mbele yangu kwa muda mrefu bila kugeuka tena, na nilijuta kujitia ujuaji.

Baada ya hapo msitu ulifunga. Miombo ile kiangazi hukauka na kunyamaza, majani yanapasuka chini ya miguu, halafu unapanda vilima na mambo yanabadilika. Juu kule ukungu wa alfajiri hutanda, na ndevu za miti zilining'inia kila tawi, ndefu, za kijivu, zikitikisika bila upepo ninaousikia mimi. Hewa ilikuwa safi. Moshi wa tumbaku haukuwahi kufika huko, na kwa kweli kazi niliyotumwa ningeweza kuimaliza siku hiyohiyo. Ndipo nikauona mchirizi wa kwanza.

Ulikuwa kwenye mti mkubwa wa mtundu. Shina lote lilikuwa limevikwa likeni, isipokuwa mstari mmoja mweupe, upana wa kiganja, ulioshuka kutoka kwenye tawi moja kwa moja hadi ardhini. Gome lilikuwa safi kama limesuguliwa kwa mchanga. Nilitafuta alama ya moto, ya panga, ya mkojo wa mnyama. Hakuna. Mbele kidogo kulikuwa na mti wa pili wenye mchirizi uleule, kisha wa tatu. Ilikuwa kana kwamba mtu amepita msituni akichagua miti na kuiosha mstari mmoja mmoja. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vilivyokuwepo wakati ule na sikukumbuka kitu cha namna hiyo.

"Hiyo ni mizinga ya kaka yangu," mwenzangu alisema nyuma yangu.

Nilitazama juu. Mzinga wa gome ulikuwepo, umelala tawini. Warina asali wa huko hufunga mizinga kwa kamba za magome. Huyu alikuwa amefunga kwa waya wa shaba. Alipokuwa kijana alifanya kibarua kwenye mgodi mmoja wa zamani, na mgodi ulipofungwa aliondoka na mafungu ya waya yaliyotupwa. Akaapa kwamba kamba zinaoza, shaba haiozi. Wenzake walimcheka. Nilipiga makofi kwa furaha pale msituni. Mvua inanyesha juu ya waya, inachukua shaba kidogo sana, inateremka nayo shinani, na likeni haziwezi hata hicho kidogo. Zinakufa pale maji yanapopita tu. Kwa hiyo mizinga ya mtu huyu ingejulikana hata ikianguka yote, kwa sababu miti yake ilikuwa imeandikwa.

"Basi tunaweza kufuata alikopita," nilisema.

"Tunaweza," alijibu, bila furaha yoyote.

Tulifuata. Mchana nilibaki nyuma nikipima upana wa mchirizi mmoja, nilipoinua kichwa simwoni. Nikamwita kwa jina lake. Kimya. Nikaita tena, kwa sauti kubwa, mara nyingi. Alitokea upande ambao sikutarajia, karibu kabisa, uso umebadilika.

"Usirudie tena," alisema. "Huku mtu haitwi jina."

"Sasa ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia. Mrina akiitwa jina porini haitiki, hata akiitwa na mama yake. Anayeita jina huku ni mzimu. Wanajua majina yetu na wanaiga sauti. Ukiitika umekwenda. Sisi tunapigiana mluzi." Alipiga mluzi mfupi, wa kushuka. "Hivyo. Tumefundishwa tangu tunabebwa mgongoni."

Nilikuwa msomi, nilijua la kujibu, na sikulijibu. Kwa sababu mbali kidogo, kwenye bonde, kitu kilikuwa kimejibu mluzi wake.

"Ndege wa asali," nilisema.

"Labda," alisema, akaokota shoka lake.

Tulipiga kambi kabla jua halijazama, na tangu hapo hadi usingizi uliponichukua sikuisikia sauti nyingine, ila nilikuwa na hisia, ambayo naiandika hapa ingawa haipimiki, ya kutazamwa na mtu asiye na haraka. Alfajiri niliamshwa na kaka. Alikuwa ameketi, mikono imeshika magoti, anatazama kitu kilichokuwa miguuni petu.

Kilikuwa kikombe cha gome la mti, kimekunjwa vizuri na kuchomekwa kijiti. Ndani yake mlikuwa na asali iliyochanganywa na maji. Kando yake majani mawili ya mtundu yamelazwa, ncha zikituelekea sisi. Majivu ya moto wetu yalikuwa na unyayo mmoja wa mtu mzima, peku.

"Mtu ametuletea asali," nilisema.

"Hii siyo ya kuleta," alinong'ona. "Hii ni tambiko. Inawekwa upande wa machweo wa wanaolala. Hawapewi wageni hii. Wanapewa wafu."

Alitaka turudi saa ileile. Nilimwambia mti mmoja tu, mti mmoja wa mwisho, na sijui ni ushupavu au ubishi tu ulionisukuma; mama alikuwa amesema hata mfupa, na mimi nilikuwa sina hata mfupa. Mwishowe alikubali, akiwa ameshika shoka kwa mikono miwili. Michirizi ilituongoza kilima cha pili, cha tatu. Hapo kaka alisimama.

"Huku hakuwahi kuwa na mizinga," alisema.

Lakini mzinga ulikuwepo, na mbele zaidi wa pili na wa tatu, na waya ulikuwepo, unang'aa. Nilisogea shinani na kioo changu. Chini ya waya likeni hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinakufa. Katikati ya njia ya maji zilikuwa zimepauka, kingoni zilikuwa za manjano, na pembeni ya kidole kimoja zilikuwa nzima, mbichi, zinaendelea na maisha. Shaba ile ilikuwa imenyeshewa na mvua za mwaka mmoja tu, tena za mwaka ule. Mzinga ulifungwa baada ya kijiji kuchomwa, muda mrefu baada ya hapo.

"Kaka yako yuko hai," nilisema.

"Mzimu wake unaendelea na kazi yake."

"Mzimu haufungi waya!" Nilifoka hata ndege wakaruka. "Na ile asali umesema mwenyewe ni ya kuwapa wafu. Sasa niambie, wafu wanawatambikia wafu? Anayetambika ni mtu hai, kaka. Ni mtu hai anayedhani..."

Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesikia mwisho wa sentensi yangu kabla sijaisema. Kaka naye aliusikia. Alijitazama mikono yake, upande mmoja na wa pili, kama mtu anayehakikisha.

"Anadhani sisi ndio tumekufa," alisema.

Hatukumwita. Nani angethubutu? Tulirudi bila kupumzika, na njia nzima nilihisi mgongo wangu ni wa mtu mwingine.

Mama tulimkuta nje ya nyumba. Alimtazama shemeji yake, kisha mimi. Nilimweleza yote hatua kwa hatua: waya, likeni zilizopauka, kikombe cha gome. Nilidhani angefurahi. Nilikuwa hata nimejiandalia tabasamu. Badala yake alikaa chini taratibu, kwenye vumbi, miguu imenyooka kama mfiwa.

"Mizinga mipya iko upande gani?" aliuliza.

"Mbali zaidi. Kila mmoja uko mbali zaidi na kijiji cha zamani kuliko uliotangulia."

Akafunika mdomo kwa khanga. Aliyoyasema baada ya hapo aliyasema kwa Kibende, lugha yao, kwanza, kwa shemeji yake, na shemeji akageuza uso. Kisha akanigeukia.

"Mwaka ule wa kwanza nilikuwa natoroka, binti. Nafika kule kwetu jioni, nasimama penye nyumba yangu, namwita. Namwita jina lake, kwa nguvu zangu zote. Nilifanya hivyo jioni nyingi mpaka mgambo wakanikataza. Mimi si mrina, mimi sikufundishwa." Alivuta pumzi. "Kumbe yeye amerudi, amekuta majivu. Babu zetu hapa waliisha kwa malale, nyumba zao zikachomwa hivihivi. Amejua tu ni ugonjwa umerudi. Halafu jioni anasikia mkewe anamwita kutoka kwenye majivu. Kumbe nilikuwa namfukuza. Kadiri nilivyoita ndivyo alivyokwenda mbali."

Nilikaa vumbini kando yake. Nimekaa na huzuni nyingi za watu maishani, nyingine zangu mwenyewe, na bado ile naiona kuwa kubwa kuliko zote: kumpenda mtu kwa sauti, na sauti ndiyo imwogopeshe.

Shemeji alitaka tuwapeleke vijana wengi wakamshike. Mama alikataa katakata. "Mtamwua kwa hofu. Mimi nitakwenda, na huyu binti, na wewe. Na safari hii hakuna atakayefungua mdomo." Ukoo ulitakiwa kukutana wiki ileile, na mwenyekiti alisema porini hakwendi mwanamke bila kibali. Nilimwonyesha kibali changu cha kupima likeni na kumwambia huyu mama ni msaidizi wangu. Alikisoma chote, kwa bidii, hakuelewa hata neno moja, akaturuhusu. Nilimwelewa, hata mimi niliyeandikiwa nilikiona kigumu.

Kabla hatujaondoka mama alisonga ugali mkubwa, akaukata, akaufunga kwenye majani ya mgomba. Kisha akapika dagaa, akatia chumvi ya Uvinza, akaonja, akatia tena. Nilimuuliza kama haijazidi. Akasema chakula cha mizimu kinapikwa bila chumvi, hawaiwezi, kila mtu anajua. Aliyezoea kutambika akionja hiki ataelewa kwamba aliyepika hakukusudia kuwalisha wafu. Akajaza kijiko cha mwisho.

Tulipofika kwenye ule mti wenye waya mpya jua lilikuwa bado juu. Mama aliweka sufuria chini ya mchirizi, akaondoka hatua kadhaa, akaketi chini mahali pa wazi, akajifunua kichwa. Mimi na kaka tulikaa nyuma yake. Tulinyamaza. Sijawahi kunyamaza vile, maana kwa kawaida sinyamazi. Ndevu za miti zilikuwa zinatikisika juu yetu. Mluzi ulisikika bondeni, mfupi, wa kushuka, na kaka alijibu mara moja tu. Kisha hakuna kitu. Nilitazama likeni zilizokuwa zinakufa mbele ya macho yangu na kwa mara ya kwanza sikutaka kuzipima.

Sikumwona akija. Nilitazama shina, nikatazama tena, na mtu alikuwa amesimama kando yake. Alikuwa mwembamba, nywele na ndevu zimefungamana, rangi ya magome, kiasi kwamba kama angesimama hapo tangu mwanzo nisingejua. Hakutusogelea. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, alimtazama mdogo wake, na mimi alinipita tu. Sikuwa mfu wake. Kisha akachuchumaa, akachovya kidole kwenye mchuzi, akakiweka mdomoni.

Alikaa na kidole kile mdomoni. Alichovya tena. Akala dagaa mmoja, akala wa pili, akitafuna polepole na macho hayatutoki.

"Nyie," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa imekwaruza, kama bawaba isiyofunguliwa siku nyingi. "Nyie mlikufa na nini?"

"Hatukufa," mkewe alijibu. "Tulihamishwa."

Alilifikiria neno hilo. Niliona anavyolifikiria, analigeuza huku na huku, halimwingii.

"Wote?"

"Wote. Kwa malori. Watoto wapo, wanasoma."

Alisogeza sufuria pembeni kwa uangalifu mkubwa. Mama alikuwa bado hajainuka, amekaza mikono mapajani ili isimkimbilie.

"Na yule aliyekuwa ananiita?"

"Nilikuwa mimi."

Mume alitazama chini. "Nilikuwa naziba masikio," alisema. "Kila jioni nilikuwa nakaa palepale karibu, nakusikia, naziba masikio."